Farasi kumi waliobaki Dar: kufunga Power Commander V kwenye MT-07

Swali limetoka kwa kijana wa Arusha, nalifupisha: "Fundi, shikamoo. Nina Yamaha MT-07 ya 2016. Mwaka jana nilifunga ekzosi nzima ya Akrapovič pamoja na filta ya hewa ya K&N. Tangu hapo inakohoa nikiwa kwenye mwendo wa kawaida, kati ya mizunguko 3,000 na 4,000 kwa dakika, na nikiachia akseleta inalipuka nyuma kama baruti. Shemeji ameniletea Power Commander V, lile boksi la kurekebisha mafuta ya injini, iliyotumika, kutoka Uingereza. Naweza kuifunga mwenyewe? Niweke ramani gani? Nikishuka Dar nibadilishe? Kuna fundi kaniambia nitapata farasi 10 zaidi, ni kweli?"

Marahaba. Nianze na hao farasi 10, maana naona ndio waliokutia tamaa. Wapo, ila wamebaki Dar es Salaam. Injini yako ya cc 689 imeandikwa kiwandani kilowati 55, yaani farasi karibu 75, na hiyo ni namba ya usawa wa bahari. Arusha mjini mko mita 1,400 hivi juu. Huko shinikizo la hewa ni kilopaskali 85 na ushee, wakati pwani ni 101. Ubaridi wenu unarudisha kidogo, kwa sababu hewa ya baridi hushikamana kuliko hewa ya joto la Kariakoo, lakini ukipiga hesabu yote, kila silinda inavuta hewa pungufu kwa asilimia 12 au 13. Toa hiyo kwenye 75 uone wanaobaki. Hakuna boksi la umeme linaloleta hewa. Power Commander inagusa mafuta tu, na mafuta yasiyo na hewa ya kuyaunguza ni masizi.

Kwa ekzosi na filta uliyofunga, ukirekebishiwa vizuri, tegemea farasi 2 hadi 4 huko juu kwenye mizunguko mikubwa, ambako mtu wa Arusha anafika mara ngapi kwa wiki? Faida yenyewe ni ile ya chini: pikipiki inayovuta bila kukohoa ukiwa nyuma ya lori pale Usa River. Mimi hiyo ndiyo ningeilipia.

Sasa ujue kinachofanyika ndani ya hilo boksi, maana ukikielewa hiki, nusu ya maswali yako yanajijibu. Kontrolboksi ya Yamaha, yaani kompyuta ya injini, inasoma kasi ya krenki, inasoma kipepeo cha hewa kimefunguka kiasi gani, inasoma shinikizo na joto la hewa, kisha inaiamuru nozeli inayopuliza petroli ifunguke kwa muda fulani. Ni muda wa milisekunde. Kwenye mizunguko 9,000 kazi nzima ya silinda, yaani kuvuta, kubana, kuunguza na kutoa moshi, inaisha kwa milisekunde 13. Power Commander inakaa kati ya kontrolboksi na nozeli kama dalali. Kontrolboksi inasema "milisekunde 4". Dalali anatazama jedwali lake, anakuta ameambiwa hapo aongeze asilimia 5, anaweka cha juu chake, na nozeli inafunguka kwa milisekunde 4.2. Kontrolboksi haina habari kwamba kuna mtu katikati.

Jedwali lenyewe, ambalo ndilo tunaloliita ramani, linafanana na daftari la mahudhurio. Mistari inashuka kwa kila mizunguko 250. Safu ziko 10, nazo ni asilimia ya akseleta: 0, 2, 5, 10, 15, 20, 40, 60, 80, 100. Ndani ya kisanduku ukiandika 5, mafuta yanaongezwa asilimia 5. Ukiandika -3 yanapunguzwa. 0 maana yake amri ipite kama ilivyokuja. Angalia safu zilivyobanana upande mmoja: 6 kati ya 10 ziko chini ya robo ya akseleta. Waliolichora jedwali hilo walijua maisha ya pikipiki ya barabarani yanaishia huko.

Mshike sana huyo dalali, kwa sababu ana udhaifu mmoja ambao wauzaji hawausemi. Cha juu chake ni asilimia. Biashara ikiwa sifuri, na chake ni sifuri. Ukiachia akseleta ghafla injini ikiwa inakimbia, Yamaha inakata mafuta kabisa, nozeli haifunguki. Power Commander haina cha kuongeza hapo. Basi ule mshtuko wa kuachia na kuvuta tena, ambao wenye MT-07 wa kwanza kwanza wanaujua vizuri, hautatibiwa na kifaa hiki hata umwage namba namna gani kwenye safu ya 0. Ule unatibiwa kwa kuandika upya programu ya kontrolboksi yenyewe. Kama shemeji asingekuwa ameshakuletea mzigo, ningekuambia uende njia hiyo. Lakini kifaa kimeshapanda ndege, na kukohoa kwa mizunguko 3,000 kinaweza kukutibia, kwa hiyo tukitumie.

Kabla hujashika spana, geuza boksi usome stika. Kila Power Commander imetengenezwa kwa pikipiki fulani ya miaka fulani: plagi zake za waya na programu yake ya ndani ni za pikipiki hiyo. Ingiza namba ya stika kwenye tovuti ya Dynojet, watengenezaji wake, uhakikishe ni ya MT-07 ya mwaka wako. Inayofanana kwa macho inaweza kuwa ya MT-09, ambayo ina silinda 3, na wewe una 2. Nimeshamwona mtu akikata plagi na kuunganisha waya kwa solda ili boksi la pikipiki nyingine likubali. Liliwaka. Halikufanya kazi.

La pili kabla ya spana, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapokosea. Je, pikipiki ni nzima? Kifaa hiki hakijui kutofautisha injini inayotaka mafuta na injini yenye ugonjwa. Ukifunika ugonjwa kwa mafuta, umefunika kidonda kwa poda.

Kulipuka nyuma unapoachia akseleta hakumaanishi moja kwa moja kwamba mafuta ni kidogo. Ili kitu kilipuke ndani ya ekzosi panahitajika mafuta mabichi kiasi, joto, na hewa mpya. Hewa mpya inatoka wapi? Ekzosi ya MT-07 ya kiwandani ni kipande kimoja kuanzia kwenye silinda hadi nyuma, hivyo ulipofunga Akrapovič lazima ulifungua nati za pale kichwani. Gasketi za pale hubanwa mara moja tu. Kama zilirudishwa za zamani, au nati zilikazwa upande mmoja zaidi, pana upenyo. Asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa, chukua maji ya sabuni na brashi, pakaza kwenye maungio yote kuanzia kichwani hadi pale mabomba mawili yanapokutana, mwambie mtu awashe. Utaona mapovu. Una kama dakika moja kabla bomba halijapata moto, fanya haraka. Upenyo ulio karibu na sensa ya oksijeni unaharibu mara mbili: unaleta mlipuko, na unaidanganya sensa.

Tena Yamaha wameweka mfumo unaopuliza hewa safi kwenye tundu la moshi makusudi, ili kuunguza mabaki na kusafisha moshi. Kwa ekzosi ya kiwandani yenye kichujio cha kemikali husikii kitu. Ukiweka ekzosi iliyo wazi, ile hewa inageuka kuwa kiberiti. Wengine huuziba mfumo huo kwa vibamba vidogo vya bati, na kelele hupungua sana. Sikushauri uanze nao. Anza na gasketi. Pengine ni hizo tu.

Kisha filta. K&N ni filta ya kuosha na kupaka mafuta yake maalumu. Kwa vumbi la Arusha watu huipaka kupita kiasi wakidhani wanaiongezea kinga, na mafuta yanavutwa hadi kwenye koo za hewa, yaani mirija yenye kile kipepeo, na sensa. Ikiwa imelowa inadondosha, ioshe upya, ipake kidogo, iache usiku mzima. Ukiwa hapo angalia mipira inayoshika koo za hewa kwenye kichwa: ikiwa imepasuka, silinda moja inaiba hewa ambayo hakuna aliyeihesabu. Halafu kama pikipiki imekimbia kilomita nyingi bila kuguswa, waombe wenye geji za vakyumu walinganishe koo mbili za hewa. Injini ya silinda mbili yenye koo zisizolingana hukohoa hapo hapo unapopataja, na ukiilinganisha unaweza kukuta huna shida tena na boksi la shemeji. Usinichukie.

Tuseme yote ni mazima na bado inakohoa. Kufunga unaweza, kama umewahi kushusha tangi na unajua kusoma karatasi ya maelekezo mpaka mwisho kabla ya kuanza. Toa waya hasi wa betri kwanza. Tangi liwe na mafuta kidogo; litainuka kwa urahisi na hakuna petroli itakayomwagika juu ya injini ya moto. Liegemeze kwa kipande cha mti, usilining'inize kwa mpira wake.

Boksi lenyewe linakaa chini ya kiti cha nyuma. Futa mahali hapo kwa spiriti mpaka pang'ae, ndipo ubandike velkro. Vumbi likibaki, velkro itaachia Chalinze na boksi litaanza kucheza ngoma. Lisikae juu ya regyuleta ya chaji wala karibu na ekzosi. Waya zake zipitishe kando ya fremu kuelekea mbele, kwa njia ile ile zinakopita waya za Yamaha. Ukishamaliza, zungusha usukani kushoto na kulia hadi mwisho, kalia kiti kwa uzito wako wote, uangalie kama pana waya unaobanwa. Waya uliobanwa hauharibiki siku hiyo. Unaharibika miezi sita baadaye, usiku, mvua inanyesha.

Kwenye nozeli kazi ni rahisi: unachomoa plagi ya Yamaha kutoka kwenye nozeli, unachomeka plagi ya Power Commander katikati. Waya za machungwa kwa kawaida ni za silinda ya 1, za njano za silinda ya 2, na Yamaha wanahesabu silinda kuanzia kushoto kwako ukiwa umekaa. Thibitisha na karatasi yako. Kosa kubwa hapo ni kukatisha, yaani kuchukua plagi ya silinda hii kuiingiza kwa ile. Nozeli itamwaga mafuta wakati si wake.

Boksi linahitaji pia kujua akseleta iko wapi, kwa hiyo lina waya unaosoma sensa ya kipepeo. Kama toleo lako linatumia klipu ya kung'ata waya badala ya plagi, usiamini rangi tu. Sensa hiyo ina waya tatu: mmoja una volti 5 muda wote, mmoja ni hasi, wa tatu ndio wa ishara. Weka mita, washa ufunguo bila kuwasha injini, vuta akseleta taratibu. Waya ambao volti yake inapanda polepole kutoka chini ya 1 hadi 4 na kitu, huo ndio. Na kama inapanda kwa kurukaruka, sensa yenyewe imechoka, na umeupata ugonjwa wako bure.

Waya hasi wa Power Commander uende kwenye betri yenyewe, kwenye kituo cha hasi. Usiufunge kwenye fremu. Hili nalisema kwa uchungu. Wakati fulani nilimfungia mteja, nikaona boliti ya fremu iko karibu, nikabana pale. Chini yake kulikuwa na rangi. Pikipiki ilitembea vizuri karakanani, ikazimika kwenye mataa ya barabarani, ikawaka, ikatembea, ikafa tena. Nilibadilisha plagi za cheche, nikakagua pampu, nikalaumu petroli ya watu. Siku mbili. Mwisho kijana wangu wa karakana, aliyekuwa na mwezi mmoja tu kazini, akauliza, "Bosi, huu waya si ungefika kwenye betri?" Ungefika.

Tangi likirudi mahali pake, chukua kompyuta. Programu ya Power Commander V ni ya Windows, na waya wake ni USB ile ndogo ya kamera za zamani. Mchaji wa simu yako hauingii. Jambo la kwanza si ramani. Ni kulifundisha boksi akseleta yako. Ufunguo umewashwa, injini imezimwa, ingia sehemu ya kurekebisha sensa ya akseleta, vuta mpaka mwisho, achia, hifadhi. Sasa tazama kwenye skrini: ukiachia isome 0, ukivuta mwisho isome 100. Boksi lako limetoka kwenye pikipiki nyingine, na namba zake bado ni za pikipiki ile. Ukiliacha hivyo, wewe umefungua asilimia 5 lenyewe linadhani 12, linasoma safu isiyo yako. Ramani iwe nzuri namna gani, itakuwa inamjibu mtu mwingine.

Halafu jaza ramani ya sifuri: visanduku vyote 0. Endesha siku mbili tatu. Pikipiki inatakiwa iwe kama ilivyokuwa, na kikohozi chake kile kile. Ikiwa imebadilika, iwe kwa uzuri au ubaya, kuna waya uliokosea, rudi nyuma. Watu hawapendi hatua hii kwa sababu haina raha. Lakini ndiyo pekee inayokuambia kwamba ulichofunga kimefungwa.

Kuhusu ramani gani. Dynojet wanazo zao za kupakua, zimepangwa kwa mwaka wa pikipiki, ekzosi na filta. Tafuta inayokaribiana na yako: Akrapovič nzima, filta ya K&N, na uangalie kama imetengenezwa kizuizi cha sauti kikiwa ndani au kimetolewa. (Kama umekitoa, kirudishe. Jirani zako wa Njiro hawakununua MT-07.) Ni mahali pazuri pa kuanzia, basi. Ilipimwa kwenye pikipiki ya watu, kwa petroli ya watu, injini isiyochakaa kama yako. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Na hapa ndipo inaingia sensa ya oksijeni, ambayo ndiyo itakayokupiga vita. Sensa ya kiwandani kwenye ekzosi yako ni kama mtu anayeweza kusema maji ni ya moto au ya baridi lakini hajui nyuzi ngapi. Inajua uwiano mmoja tu: sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. Ukiwa kwenye mwendo wa kawaida, kontrolboksi inaisikiliza na kusukuma mafuta juu na chini ya mstari huo. Sasa wewe unaongeza asilimia 5 pale 3,500. Sensa inapiga kelele, "Yamezidi!" Kontrolboksi inapunguza. Dalali anaongeza, mwenye mali anapunguza, na wewe unakuta baada ya kilomita chache hakuna kilichobadilika. Ndiyo maana pikipiki nyingi huletewa, ndani ya boksi la Power Commander, kipande kidogo cha kuchomeka mahali pa sensa ili kontrolboksi iache kubishana. Muulize shemeji kama kilikuwemo. Kwenye mali iliyotumika ndicho kinachopotea kwanza. Usichomoe tu sensa ukaiacha wazi, utawashiwa taa ya injini kwenye dashibodi.

Ukishaweka kipande hicho, ujue umemfukuza mlinzi. Kuanzia hapo namba za visanduku ndizo zinazoamua, hakuna wa kukusahihisha. Mafuta yakipungua sana huku umevuta akseleta yote, joto linapanda na pistoni inaweza kuyeyuka ukingo. Yakizidi, yanaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka kwenye oili ya chini. Kwa hiyo sehemu ya juu ya jedwali, akseleta ya 40 kwenda 100, usiiguse kwa kubahatisha. Iache na namba za ramani uliyopakua mpaka upate kipimo.

Sehemu ya chini unaweza kuipapasa mwenyewe, kwa adabu. Chagua kipande kimoja cha barabara, tambarare, kisicho na watu, mfano nje ya mji upande wa Kisongo asubuhi. Gia ya 4, mizunguko 3,000 hadi 4,000, mkono umetulia. Sikiliza. Simama, ongeza 4 kwenye mistari ya 3,000 mpaka 4,000, safu za 2 mpaka 20. Rudia kipande kile kile. Kisha fanya kinyume, weka -4, rudia. Moja kati ya hizo itakuwa afadhali, na hiyo ndiyo njia ya kufuata, mbili mbili, mpaka isipobadilika tena. Badilisha kitu kimoja kwa safari moja, na uandike. Usijaribu akseleta yote barabara kuu; mbali na hatari, tochi za trafiki hazijui kwamba unafanya utafiti.

Kipimo chenyewe ni cha aina mbili. Karakana yenye dyno, pikipiki ikikimbia juu ya roli na sensa pana imewekwa kwenye moshi, itakumalizia jedwali zima kwa siku moja. Au ununue Auto-Tune ya Dynojet, inayoongea na boksi lako. Hiyo inakuja na sensa pana, yaani ile inayojua nyuzi ngapi, na inahitaji tundu la uzi wa milimita 18 lililochomelewa kwenye bomba la ekzosi. Unaiandikia uwiano unaotaka: karibu 13 kwa 1 unapovuta kwa nguvu, kwenda 14 ukiwa umetulia. Wewe unaendesha kazini na kurudi, yenyewe inakusanya masahihisho. Jioni unayatazama. Usikubali kila inachosema: kisanduku kinachodai asilimia 18 wakati majirani zake wanadai 4 hakina njaa, kimesoma vibaya, au ile gasketi bado inavuja.

Nikija kwenye safari ya Dar: hubadilishi kitu. Sensa ya shinikizo la hewa ya Yamaha inaendelea na kazi yake. Ukishuka Same, Korogwe, Chalinze, hewa inazidi kuwa nzito, kontrolboksi inaongeza muda wa nozeli yenyewe, na dalali anaweka asilimia ile ile juu ya namba mpya. Wenye kabureta ndio waliokuwa wakibadilisha jeti. Tofauti utakayoisikia ukifika Kibaha ni wale farasi wako tisa au kumi wakikupokea.

Kilicho cha kuangalia pwani ni petroli na joto. Ramani iliyobana mafuta vizuri kwenye ubaridi wa Arusha ikikutana na nyuzi 33 na petroli iliyochanganywa mafuta ya taa, injini yenye mbano wa 11.5 kwa 1 itaanza kugonga. Tangu EWURA, wadhibiti wa nishati, waanze kuweka vinasaba vya utambulisho kwenye mafuta mwaka 2010 uchakachuaji si kama zamani, lakini ukisikia mlio kama kokoto ndani ya kopo unapovuta, achia akseleta, shuka gia, na kituo kile usirudi. Zile chupa za kuongeza okteni zenye chuma ndani pia ziache kama utafunga sensa pana. Zinaipaka kutu nyekundu na kuiua polepole.

Ulaji wa mafuta hukuuliza, ila utauliza. Ukirekebisha kwa kipimo, mwendo wa kawaida utabaki karibu na ulivyokuwa. Ukipakua ramani nene na kuiacha hivyo, tangi lako la lita 14 litakuambia.

Usioshe chini ya kiti kwa mashine ya presha. Kwenye plagi zote ulizochomeka paka grisi ya umeme kabla ya masika.

Fanya gasketi na ramani ya sifuri kwanza, halafu niandikie vitu vitatu: namba ya stika ya boksi, volti ya sensa ya akseleta ikiwa imeachiwa na ikiwa imevutwa yote, na kama mapovu ya sabuni yalitokea upande gani. Na picha ya plagi za cheche zote mbili, zikiwa zimewekwa kwa mpangilio, ya kushoto kushoto.